Mwaka Aliopungua Baba

Harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi mimi siiwezi. Nikipita sokoni nikakuta mkungu wa ndizi za kukamua umelegea na nyuki wameuzunguka, napumua kwa mdomo mpaka nivuke. Wenzangu kazini wananicheka, eti mtu wa Kagera anakimbia ndizi, na mimi nacheka nao kwa sababu sina nguvu ya kuwaeleza. Ninyi wa rika langu mliolelewa kwenye migomba, kule kwetu Kaisho au jirani zetu wa Bugomora, labda mtanielewa. Mnaijua harufu ninayoisema: ndizi zilizofukiwa shimoni mpaka zikalainika, nyasi mbichi, na wanaume wanakanyaga kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mti. Kwa wengi wenu hiyo ni harufu ya harusi na sikukuu. Kwangu ni harufu ya mwaka ule ambao nyumba yetu iliamua kuishi kwa afya.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa na migomba kama baba zenu. Alikuwa mnene, kitambi kinamtangulia, sauti yake inasikika mpaka barabarani, na jioni hakosi kwa Ta Filipo, jirani yetu, ambaye kwake ndiko ndizi za mtaa mzima zilikokamuliwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Hakuwa mlevi wa kuokotwa mitaroni. Alikunywa akarudi kwa miguu yake, akatuuliza habari za shule, akalala. Mchana alikaa kivulini akituelekeza kazi kwa kupiga kelele. Kusema kweli, kabla ya mwaka ule sikuwa namfahamu sana.

Siku moja alikwenda zahanati kwa sababu ya jipu lililokataa kupona. Aliporudi alikaa kwenye kigogo nje ya jiko. Mimi na mama tulikuwa tunamenya ndizi, mikono imejaa utomvu.

"Wameniambia nina sukari," alisema.

Mama hakuacha kumenya. "Wamesema ufanye nini?"

"Niache sukari. Niache pombe. Nipunguze wanga, nifanye mazoezi. Nisipofuata, nitakatwa mguu, au nitakufa. Watu walikuwa wengi, yule nesi alisema haraka haraka."

"Hufi," mama alimjibu, kana kwamba baba ameomba ruhusa.

Mnapaswa kumjua mama yangu. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwetu, Walutheri wa kule mnawajua, na akishika jambo, jambo lenyewe linaomba poo. Jioni ile ile alichukua sukari yote iliyokuwa kwenye kopo akampelekea mwalimu wa shule ya Jumapili, na kopo tupu akalitupa shimoni ili baba asishawishike. "Kinga ni bora kuliko tiba," alituambia, ingawa ugonjwa ulikuwa umeshaingia ndani na umekaa. Kisha akapanga maisha yetu upya.

Wanga ulipunguzwa, maana yake ugali na wali havikupikwa tena. Ndizi zilibaki, na hakuna aliyewaza vinginevyo. Kwetu ndizi ni chakula, na chakula hakiwezi kuwa ugonjwa. Mnajua wenyewe, mtu wa kwetu anaweza kula ugali na maharage akashiba, halafu jioni akakwambia hajala tangu asubuhi. Sukari ilikuwa ile nyeupe ya dukani, na hiyo tulishaifukuza. Kwenye chai tukaweka asali. Kuhusu pombe, mama alikwenda mwenyewe kwa Ta Filipo wakakubaliana: siku za kukamua, kabla mtama haujatiwa ili rubisi ichachuke, baba awekewe kibuyu chake cha omuramba, yale maji matamu ya ndizi ambayo sisi watoto tulikuwa tunagombania. "Mwanaume hawezi kukaa mikono mitupu wenzake wanakunywa," mama alisema. Nilimwona baba jioni hizo, mrija mdomoni kati ya wazee wenzake, wanamtania kwamba amerudi kunyonya. Alicheka nao na kuomba aongezewe.

Masika yalipoanza, alianza kukimbia. Alinunua raba nyeupe mnadani, na kila asubuhi kabla ya shule mimi na yeye tulipanda kilima mpaka penye malisho ya wafuga ng'ombe, tukashuka. Kwetu mtu mzima hakimbii. Akikimbia alfajiri, amebeba habari ya msiba. Siku ya kwanza kina mama walitoka majumbani wakijifunga khanga, wanauliza kwa sauti za chini, "Nani? Ni nani?" Baba akawajibu huku anahema kwamba hakuna aliyekufa, ni mazoezi tu. Bibi mmoja hakuridhika. Alisimama akitutazama mpaka tukapotea, na kesho yake akatoka tena, na kesho kutwa. Nilimwogopa yule bibi. Alitutazama kama mtu anayesubiri habari ambayo anajua inakuja.

Kiangazi kikaingia, baba akaanza nyuki. Alijifunza kuchonga mizinga, tukaitundika kwenye miti ya mpakani, akanifundisha kusimama bila kutikisika nyuki wakinitambaa usoni. Asali ya kwanza tuliila na nta yake mpaka meno yakauma. Mama aliijaza kwenye chupa akazipanga kabatini, na tangu hapo chai ya baba iliwekwa asali bila kipimo, maana imetoka kwetu, tena ni dawa, hata babu zetu walitibiwa kwayo. Baadaye baba akaingia kwaya, sauti ya nne. Akalima bustani ya karoti. Kila msimu ulikuja na jambo lake jipya. Mtu aliyekuwa anatupigia kelele kutoka kivulini sasa alikuwa anachuchumaa na mimi matopeni, anauliza kama mbegu ikigeuzwa juu chini itaota. Niliupenda mwaka ule kuliko miaka yangu yote, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kisha nikaanza kuona kwamba baba anapungua.

Kitambi kiliondoka kwanza, na watu wakampongeza. Wakati wa kutoka kanisani walimshika bega: "Umekuwa kijana, Baba Koku. Hebu tuambie siri." Mama alisimama pembeni akivuta gauni lake vizuri, kwa sababu siri ilikuwa yeye. Baadaye mashavu yakaenda. Suruali aliifunga kwa kamba ya katani, shati likawa linamning'inia kama limeanikwa. Mimi sikuona ugonjwa. Niliona kwamba baba anarudi utotoni, na nilikuwa na ushahidi wangu. Alicheza, alijifunza vitu vipya, alikunywa maji matamu ya watoto, alikuwa na kiu muda wote na kukojoa muda wote kama mdogo wangu. Hata kwenye kwaya alikuwa anashika karatasi mbali kabisa na macho, anakosea maneno kama mtoto anayeanza kusoma. Niliona jinsi itakavyokuwa: atazidi kupungua, tutalingana, kisha nitampita. Nilikuwa na furaha, na chini ya furaha nilikuwa na hofu ambayo sikujua jina lake.

Tulipokuwa tunashuka kilimani siku moja, nilimuuliza. "Baba, ukishakuwa mtoto, mimi nitakuwa nani?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Utakuwa mama yangu. Lakini usinichape."

Halafu wakaja sisimizi. Nyuma ya jiko kulikuwa na mgomba ambao baba alijisaidia haja ndogo hapo alfajiri, kabla hatujaondoka. Nikaona mstari mweusi umetoka ukutani, umevuka uwanja, umekwenda moja kwa moja pale chini, na ardhi yenyewe inatembea. Kesho yake walikuwa wengi zaidi. Nikamwita mama nikamwonyesha. "Sisimizi wanampenda baba," nilisema.

Mama alisimama akatazama. Sijawahi kumwona amesimama muda mrefu hivyo bila kufanya kazi. Alichota majivu ya moto jikoni akayamwaga juu yao, na jioni akawaita wanawake wa kanisani kuja kuomba. Mmoja wao alimnong'oneza kwamba kikulacho ki nguoni mwako, aangalie vizuri ndugu wa mume. Mama hakuwa mtu wa kuamini uchawi, lakini hakuwa pia mtu wa kukaa bure. Aliongeza juhudi. Alichemsha majani ya omubirizi, yale machungu yanayokunja uso, akamnywesha baba kikombe asubuhi na kikombe jioni. Na kwa kuwa uchungu ule haushuki peke yake, kila kikombe kilifuatiwa na bakuli la omuramba.

"Kunywa," alimwambia. "Upate nguvu."

Baba alikunywa. Alikuwa na kiu ambayo haikatiki, na mama alikuwa na mkono ambao hauchoki kumimina.

Mvua za senene zilipokuja, siku moja tumerudi kukimbia, baba akakaa kizingitini kuvua raba. Ya kulia ilitoka imelowa damu. Msumari, mmojawapo wa ile aliyokuwa anagongea mizinga, ulikuwa umepita soli na kuingia kisiginoni, na alikuwa amepanda nao kilima na kushuka nao.

"Hukusikia?" mama aliuliza.

"Sikusikia kitu."

"Miguu imekomaa kwa mazoezi," mama alisema, akaenda kuchukua asali ya kupaka kidonda. Mimi nilijivuna. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu hasikii misumari. Ila kabla mama hajarudi na asali, nilimwona baba akiokota kijiti cha mkahawa chenye ncha. Alijichoma unyayo wa mguu usio na kidonda, akasubiri. Akajichoma tena pembeni, akasubiri. Uso wake ulikuwa wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya ndugu yake na haitikiwi. Aliponiona ninatazama alitupa kijiti. "Usimwambie mama yako," alisema, "atahangaika bure."

Kidonda hakikufunga. Kilipakwa asali, kikafungwa kitambaa, kikafunguliwa, kikapakwa tena, na siku moja nyumba nzima ikanuka ndizi zilizokaa shimoni. Nilidhani kuna mkungu umesahaulika chini ya kitanda. Nikaingia kuutafuta, nikakuta ni mguu wa baba. Ulikuwa umeanza kuwa mweusi kwenye vidole. Kukimbia kuliisha, na kwaya wakawa wanakuja kumwimbia nyumbani, yeye amelala kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni kwa ajili ya wageni, anaitikia sauti ya nne kwa shida. Yule bibi wa njiani naye alikuja. Alikaa mlangoni, hakuuliza kitu.

Mnunuzi wa kahawa mwenye pikapu ndiye aliyetupeleka hospitali, upande wa Karagwe. Baba aliomba niende nao, nikakaa nyuma nimemshikia mguu usigongwe. Huko alikuwapo sista mmoja mtu mzima, mpole, aliyevuta kiti akakaa karibu na kitanda.

"Shikamoo, mzee. Pole. Nyumbani amekuwa anatumia nini?" alimuuliza mama.

Mama alisimama wima kama anasoma taarifa ya akina mama mbele ya mchungaji. Alieleza yote. Sukari ilitoka nyumbani siku ile ile. Pombe hakugusa tena. Ugali na wali, hakuna. Mazoezi kila asubuhi, mtoto huyu ni shahidi. Dawa ya kienyeji ya majani. Kwenye chai asali tu, tena asali yetu. Na badala ya pombe, juisi ya ndizi mbivu, asubuhi na jioni, na mchana akisikia kiu. Alimaliza, akasubiri kusifiwa.

Sista aliacha kuandika. "Juisi ya ndizi mbivu," alisema taratibu. "Kila siku, mama? Tangu mwanzo wa mwaka?"

"Kila siku. Sikumkosesha hata siku moja."

Sista akamtazama baba, na baba alikuwa anamtazama yeye. Mimi nilikuwa katikati yao nikayaona macho ya baba. Alikuwa ameelewa. Sijui kama alielewa pale pale, au alishaelewa siku ya kile kijiti na akaendelea kunywa kwa sababu mwenye kumimina alikuwa mama.

"Mama," sista alianza, "sikiliza. Ile juisi—"

"Sista, nisamehe," baba alimkatiza. Sauti ilikuwa ya zamani, ile ya kusikika barabarani. "Nimemdanganya mke wangu. Pombe sikuacha. Kila asubuhi nikitoka kukimbia nilipitia kwa Ta Filipo, nakunywa rubisi mpaka natosheka. Yeye amefanya yote vizuri. Mimi ndiye niliyeharibu."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa naye kila asubuhi, jamani, hata mlango wa Ta Filipo hatukuwahi kuugusa. Mkono wa baba ukashuka kutoka kitandani ukanishika kifundo cha mkono, ukabana, na kwa mtu aliyebaki mifupa ulikuwa na nguvu za ajabu. Nikanyamaza. Nilichofikiri ni kwamba sasa amekuwa mtoto kabisa, anasema uongo mbele ya watu wazima na ananitaka nimfichie.

Mama alimwangalia baba kama amepigwa kofi. Kisha akapandisha sauti mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Mwaka mzima, alisema. Mwaka mzima anachuma majani, anaomba, anabeba vibuyu, kumbe anahudumia mlevi. Baba aliyapokea yote amefumba macho, na niliona uso wake umetulia kuliko nilivyouona kwa muda mrefu. Sista alisubiri mama amalize. Akaandika kitu, akasema tu, "Basi kuanzia leo atakula cha hospitali," akaenda.

Mguu walimkata. Alifariki kabla mshono haujakauka.

Msibani Ta Filipo alikuja na wazee wenzake. Mama alimkabili mbele ya watu wote, amevaa nguo nyeusi, akamwambia: "Wewe ndiye uliyemuua. Ulimnywesha kwa siri." Ta Filipo hakuelewa, niliona kabisa kwamba hakuelewa. Alitazama kaburi lililochimbwa kwenye migomba, akanitazama mimi, akatazama vibuyu vyake mwenyewe vilivyopangwa ukutani kwetu. Kisha akavua kofia. "Nisamehe, Mama Koku," alisema. Mpaka Ta Filipo alipokufa, mama hakumsalimia, na yeye hakumweleza mtu yeyote kwamba hakuna alichofanya.

Nimekua. Nilijifunza shuleni kile ambacho baba alikielewa kitandani, na msiniulize nililia wapi. Kwa mama sikusema neno. Kila nilipokwenda likizo alinieleza habari za mlevi yule, jinsi alivyomsaliti, na hasira ile ilimweka wima. Alilima kwa hasira, alitusomesha kwa hasira. Nikawa naitikia.

Mwaka huu amekonda. Nilipokwenda kumwona nilikuta amefunga sketi kwa kamba, na ndoo ya maji iko karibu na kitanda. Nikamchukua tukaenda kupima. Daktari alikuwa kijana, ana muda, anaheshimu wazee. Alimkalisha akamweleza moja baada ya jingine: ndizi kwa kiasi, mama, hata mbichi zina wanga, matunda kidogo, asali hapana, juisi hapana, hasa hii yetu ya ndizi mbivu, hiyo ni sukari tupu.

"Asali," mama alisema.

"Ndiyo, mama. Asali ni sukari."

"Na omuramba."

"Huo ndio mbaya zaidi, bibi yangu. Kwa mwenye sukari ni sawa na sumu."

Mama alimshukuru. Alipokea dawa zake, akazifunga kwenye pembe ya khanga, tukatoka. Tulitembea mpaka barabarani. Pale akasimama. Magari yalipita, pikipiki zikapita, yeye amesimama ananiangalia.

"Koku," alisema. "Wewe ulikuwa unakimbia naye. Baba yako alikunywa kweli kwa Ta Filipo?"

"Alikunywa, mama."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona. Kila asubuhi. Nilikuwa nasimama nje namsubiri."

Alinitazama mpaka nikashindwa, nikageuza uso upande wa barabara. Nikasikia mkono wake unatafuta wangu, mkavu, hauna nyama.

"Hata wewe hujui kudanganya," mama alisema, "kama baba yako." Akanishika, tukavuka.